Kabla ya Kuamini Picha ya Vita, Litazame Gari

Kila ikaribiapo siku ya kuwakumbuka mashujaa, simu hujaa picha za zamani. Askari wamepanda gari, bunduki mabegani, vumbi nyuma yao, na chini ya picha mtu ameandika mwaka na mahali bila kusita hata kidogo. Picha hiyohiyo mwaka huu ni ya Mau Mau, mwaka ujao ni ya maasi ya Januari 1964 pale kambi ya Colito, na mwaka unaofuata imekuwa ya vita vya Kagera. Wanaobishana hubishania sare na kofia. Ni wachache wanaotazama taa za gari, na mara nyingi ubishi wote ungeishia hapo.

Tuanze na Land Rover, maana katika picha za kijeshi na za serikali za Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili ndilo gari linalojitokeza kuliko yote. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Zile za mwanzo kabisa taa zake kubwa zilikaa nyuma ya wavu wa shoo. Kuanzia mwaka 1950 hivi taa zikachomoza kupitia wavu huo. Mwaka 1958 ikaja Series II, yenye ubavu uliobinuka kidogo badala ya ule ulionyooka kama ubao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishwa kutoka katikati ya shoo zikawekwa kwenye madigadi, na mwaka 1971 Series III ikaja na shoo ya plastiki.

Sasa irudie ile picha ya simu. Kama taa za Land Rover ziko kwenye madigadi, haiwezi kuwa ya Nyeri mwaka 1953, wala ya Colito. Hilo halihitaji shahidi wala mzee wa kuhojiwa. Gari lenyewe halikuwepo. Lakini angalia upande wa pili. Kama taa ziko katikati ya shoo, hujathibitisha kwamba picha ni ya 1953. Land Rover ya 1955 iliweza kabisa kuvuka Kyaka mwaka 1979, na zipo za umri huo ambazo hadi leo zinabeba mkaa na viazi kwenye milima yetu. Gari hukupa tarehe ya mapema kabisa ambayo picha ingeweza kupigwa. Tarehe ya mwisho halikupi. Na kwenye picha yenye magari kumi, kinachoamua ni kile kitu kimoja kipya kuliko vyote, hata kama kimejificha nyuma ya mwembe na kinaonekana nusu ya boneti tu.

Fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi anayajua haya bila kusoma kitabu chochote. Ukimwonyesha picha atatazama shoo, atatazama rimu, atatazama bawaba za mlango, kisha atataja toleo. Binafsi ningempa nafasi kwenye chumba cha nyaraka kabla ya wengi wetu tunaoandika maelezo ya picha.

Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwa vita vya kwanza vilivyopiganwa hapa kwa magari. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta Ford Model T kwa wingi, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na mizigo mingine yote ikaishia vichwani mwa wapagazi wa Carrier Corps, wale walioacha jina lao pale Kariakoo. Ford hizo zina alama inayoonekana hata kwenye picha iliyofifia. Hadi toleo la mwaka 1916 rejeta yake ilikuwa ya shaba iliyong'arishwa. Toleo la 1917, lililoanza kutoka kiwandani Agosti 1916, lilikuwa na rejeta iliyofunikwa kwa bati jeusi. Majeshi ya Jan Smuts yaliingia kutokea upande wa Kilimanjaro mnamo Machi 1916. Ukiona Ford ya rejeta nyeusi na maandishi yanayosema "Moshi, Machi 1916", basi ama mwezi si huo au Moshi si hiyo. Shaba, kwa upande wake, haithibitishi kitu, maana gari la 1914 lililosalimika na mashimo ya Handeni na matope ya Rufiji lingeweza kupigwa picha hata mwaka 1918.

Wakati huohuo yalikuwepo magari ya deraya ya Rolls-Royce, yaliyotangulia kutumika kusini-magharibi mwa Afrika kabla ya kuletwa huku. Hayo hayana shida kuyatambua. Shoo yake ya umbo la hekalu inaonekana hata ikifunikwa na milango ya chuma, na kichwa chake cha mviringo chenye bunduki ya rashasha hakifanani na cha gari jingine lolote la enzi zile katika pori hili.

Kazi ya kweli inaanza na Vita Kuu ya Pili, kwa sababu hapo magari yaliongezeka kupita kiasi na kila jeshi likaanza kuendesha gari la mwenzake.

Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Uingereza yaliishambulia El Wak, kwenye mpaka wa Kenya na Somalia ya Waitalia. Miezi michache baadaye majeshi hayo, yakiwa na askari wa Keya (King's African Rifles), wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini, yalivuka Mto Juba, yakaingia Mogadishu, na tarehe 6 Aprili 1941 yakawa Addis Ababa. Kwa chini ya miezi miwili yalikuwa yametembea zaidi ya kilomita 2,000. Safari hiyo iliwezekana kwa malori, na picha zake ni nyingi: misururu jangwani, magurudumu yaliyozama mchangani, askari waliolala kivulini chini ya tela.

Ndani ya picha hizo kuna gari la deraya lenye boneti ndefu na bodi ya bati nene iliyokunjwa pembe kali. Ni Marmon-Herrington. Jina ni la kampuni ya Indianapolis, chesisi ilikuwa ya Ford kutoka Kanada, na bodi ilitengenezwa Afrika Kusini, ambako yaliundwa 5,746 kabla ya vita kwisha. Ya kwanza kabisa yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Yaliyofuata yalisukumwa na yote manne. Mengi yana namba iliyotanguliwa na herufi U, alama ya jeshi la Muungano wa Afrika Kusini. Kwa hiyo ukiona U ubavuni mwa gari ndani ya msafara uliopigwa picha kaskazini mwa Kenya, usiandike tu kwamba hao ni askari wa Keya. Inawezekana walipanda gari hilo, lakini halikuwa la kikosi chao.

Malori ndiyo yanayowapotosha watu zaidi. Kanada peke yake ilitengeneza zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi wakati wa vita, na sehemu kubwa yalikuwa ya umbo moja lenye pua fupi, kana kwamba limegonga ukuta. Ford na Chevrolet waliyatengeneza kwa mchoro mmoja ili spea na kazi ya fundi visitofautiane mno, na wanaoyatazama hadi leo huyachanganya. Ukiweza kuikuza picha, tazama wavu wa shoo: wa Ford una matundu ya mraba, wa Chevrolet una matundu yaliyosimama kwa pembe. Kitu kikubwa zaidi ni kioo cha mbele. Mwishoni mwa mwaka 1941 kibanda cha dereva kilibadilishwa, na kioo kikainamishwa kinyume na tulivyozoea, ukingo wa juu ukiwa mbele kuliko wa chini, ili jua lisimulike na kuwaonyesha njia marubani wa adui. Lori la kioo hicho halikuwepo Addis Ababa mwezi Aprili 1941. Likionekana kwenye picha ya mji huo, picha ni ya baadaye, wakati Waitalia walikwisha kuwa mateka na jeshi lilikuwa la ulinzi tu. Hata hivyo linafaa kabisa kwenye picha ya Burma ya mwaka 1944.

Usukani nao una mtego wake. Sisi tuliorithi barabara za Mwingereza tukiona usukani kulia tunasema moja kwa moja: hilo ni gari la Mwingereza. Malori makubwa ya Kiitalia ya wakati ule, Lancia na Fiat, yalikuwa na usukani upande wa kulia ingawa Italia huendeshwa kulia mwa barabara. Madereva wa barabara za milimani walipenda kuuona ukingo wa korongo kwa macho yao wenyewe. Ndiyo maana lori la jeshi la Mussolini likikamatwa Uhabeshi, likapakwa rangi mpya na kukabidhiwa dereva wa Keya, linaonekana kwenye picha kama lililozaliwa Nairobi. Kinachoweza kulifichua ni bamba la namba. Kama halijabadilishwa lina ufupisho wa Regio Esercito, yaani Jeshi la Kifalme, kwa herufi nyekundu, na tarakimu kwa rangi nyeusi.

Kosa la kuchanganya aliyetengeneza gari na aliyeliendesha limefanya uharibifu kuliko mengine yote. Kila mtu anajua roketi za Katyusha za Warusi. Mwaka 1941 zilifungwa kwenye lori la ZIS-6 la Kisovieti, lakini kadiri vita vilivyoendelea nyingi zilibebwa na Studebaker za Marekani, zilizopelekwa kwa makumi ya maelfu chini ya mpango wa misaada wa Washington. Picha ya roketi za Stalin juu ya lori la Indiana si ya kughushi. Ford kule Köln iliwatengenezea Wajerumani malori huku Ford ya Dagenham na ya Kanada ikiwatengenezea maadui zao. Malori ya Ufaransa yaliyotekwa mwaka 1940 yalifika hadi Urusi yakiwa na namba za Kijerumani.

Hapa kwetu mfano ni Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 na 1979. Roketi za BM-21, mirija 40 ya milimita 122 juu ya lori la Ural lenye ekseli tatu, ndizo Waganda walizozipa jina la saba saba, na katika kumbukumbu za watu ni silaha ya Tanzania. Lakini Walibya waliokuja kumwokoa Idi Amin nao walikuja na roketi za aina hiyo, pamoja na vifaru vya T-55, na baadhi ya vifaa hivyo vilionekana Lukaya mnamo Machi 1979. Kwa hiyo picha ya lori la mirija barabarani kati ya Masaka na Kampala haisemi ni la nani hadi uone watu walio juu yake, alama zilizo mlangoni, na limeelekea wapi.

Vifaru ni vigumu zaidi. Tanzania ilikuwa na Type 59 za Kichina, zilizonakiliwa kutoka T-54 ya Kisovieti. Upande wa Amin ulikuwa na vifaru vya ukoo huohuo kutoka Ulaya Mashariki. Vyote vina magurudumu matano kila ubavu na pengo kubwa kati ya la kwanza na la pili. Ukivitazama kwa mbali ni ndugu mapacha. Kipo kifuniko cha mviringo cha feni ya hewa kilichoinuka upande wa kulia wa paa la kichwa cha kifaru, mbele. T-54 zinacho, Type 59 zinacho, T-55 hazina. Kisipokuwepo, unatazama T-55, na hicho hakikutoka China. Kikiwepo, bado hujamaliza, kwa sababu kinaweza kuwa cha Mchina au cha Mrusi. Hata T-55 ikipatikana, swali la nani alikuwa ndani linabaki wazi, maana vifaru vilitekwa na kutumika tena. Mtu akikuambia ametambua kifaru cha Kagera kwa kukitupia jicho mara moja kwenye simu, mwombe akuonyeshe kifuniko.

Mabasi je? Yapo pia, na wengi huyaruka wakidhani si ya vita. Mwaka 1978 na 1979 mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kupeleka askari na shehena Kagera. Picha ya basi la abiria lililojaa vijana wenye bunduki si kichekesho, na maandishi ya kampuni ubavuni yanaweza kukuambia limetoka mkoa gani.

Hadi hapa tumeongea juu ya bati na vioo. Alama zilizopakwa rangi zinasema zaidi, kwa atakayezisoma.

Jeshi la Uingereza lilikuwa na utaratibu mzuri kiasi cha kumfurahisha karani. Kila gari lilipewa namba iliyotanguliwa na herufi inayotaja aina yake: L kwa lori, M kwa gari dogo, C kwa pikipiki, A kwa gari la wagonjwa, F kwa gari la deraya, H kwa trekta la kukokota mizinga, T kwa kifaru, Z kwa lori dogo la mizigo isiyozidi robo tatu ya tani. Namba ilichorwa nyeupe kwenye boneti au mlangoni. Zaidi ya hapo kulikuwa na mraba wa rangi wenye namba, uliotaja kikosi, na alama ya divisheni. Divisheni ya 7 ya vifaru ilichora panya wa jangwani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilichora kichwa cha kifaru, yule mnyama wa porini. Ukikiona kwenye bampa la lori lililofunikwa matope, na msitu mzito nyuma yake, unaweza kwa haki kabisa kuwaza Bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, au Kalewa mwezi Desemba, ambako askari wa divisheni hiyo walivuka Mto Chindwin na daraja la zaidi ya futi 1,100 likajengwa kufuata nyayo zao.

Ukikuta bamba la duara lenye namba mbele ya gari, hiyo si namba ya kikosi. Ni uzito wa gari kwa ajili ya madaraja. Askari wa darajani alitazama hapo kabla ya kuinua mkono. Nimeona maelezo ya picha yanayoigeuza namba hiyo kuwa ya batalioni, na batalioni yenyewe haikuwahi kuwepo.

Ubaya ni kwamba alama hizo ndizo alizozichukia mkaguzi wa habari za vita. Picha nyingi zilizotoka magazetini zilikwanguliwa au kupakwa wino pale ilipokuwa alama ya divisheni. Ukiona bampa lenye doa jeupe lisiloeleweka, usidhani ni uchakavu wa karatasi. Tafuta nakala nyingine ya picha hiyo iliyotoka kwenye negativu. Huenda alama bado ipo.

Wamarekani walifanya ujanja mwingine. Mwanzoni namba za magari yao zilichorwa kwa buluu iliyofifia juu ya kijani cha jeshi, ili zisomeke karibu tu. Kwenye picha ya rangi nyeusi na nyeupe namba hiyo humezwa, na watu huandika kwamba gari halikuwa na namba. Ongeza mwanga, geuza pembe, itaanza kujitokeza. Inayoanza na 20 mara nyingi ni Jeep. Inayoanza na 4 kwa lori la GMC la magurudumu kumi ni kawaida.

Kwa Mjerumani soma herufi mbili za kwanza kwenye bamba jeupe: WH ni jeshi la nchi kavu, WL la anga, WM la majini, Pol ni polisi. Kwenye digadi la kushoto mara nyingi kuna taa ndogo yenye kofia, iliyotengenezwa kumwagia mwanga barabarani bila kuonekana kutoka juu. Hadi Februari 1943 magari mengi yalikuwa ya kijivu cha giza. Baada ya hapo amri ikaja yatoke kiwandani yakiwa na rangi ya manjano ya mchanga, na vikosi vikaongeza madoa vyenyewe. Kwenye picha nyeusi na nyeupe utofauti huo ni wa mwanga tu, lakini unaonekana.

Hapo tahadhari ya filamu. Filamu za zamani zaidi hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, manjano ikawa ya giza, na buluu ikapauka karibu na nyeupe. Bendera, alama za vikosi na misalaba ya magari ya wagonjwa zote hupotosha kwa namna hiyo. Kabla ya kutaja rangi yoyote kutoka kwenye picha ya Vita Kuu ya Kwanza, tafuta kitu ambacho rangi yake unaijua tayari, kama bendera ya Uingereza, uone filamu imekitendea nini.

Jeep inastahili aya yake, kwa sababu inajulikana kuliko yote na inatambuliwa vibaya kuliko yote. Willys walitengeneza kama 360,000 na Ford kama 280,000, kwa mchoro mmoja. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1942 shoo ya Willys ilikuwa ya vipande vya chuma vilivyochomelewa. Kisha ikaja ya bati moja lililobonyezwa, lenye matundu tisa ya wima, wazo la Ford lililochukuliwa na wote wawili. Ya raia iliyotoka baada ya vita ina matundu saba na taa kubwa zaidi. Picha ya "Burma 1944" yenye matundu saba ni ya baada ya vita, hata kama mpanda gari amevaa kofia ya jeshi. Kutofautisha Willys na Ford, chungulia chini ya shoo: chuma kinachounganisha chesisi mbele ni bomba la duara kwa Willys, na ni mfereji wa pembe nne uliopinduliwa kwa Ford.

Jeep pia ni mtihani wa picha iliyogeuzwa. Zote za vita zilikuwa na usukani kushoto. Ukiiona ina usukani kulia, negativu iliwekwa kinyume. Thibitisha kwa bunduki: mkono wa kukokea wa Lee-Enfield uko kulia. Picha nyingi kwenye vitabu vya zamani ziligeuzwa ili askari atazame katikati ya ukurasa, na hakuna aliyejali kwamba dereva alihamishwa kiti.

Magari ya wakubwa yana mchezo wake. Gavana wa koloni aliendeshwa kwenye gari lenye taji mahali pa namba. Baada ya uhuru taji likaondoka, na herufi za serikali kama GK za Kenya na JW za jeshi la Tanzania zikawa ndizo za kutafutwa. Jenerali wa Marekani aliweka bamba la nyota mbele ya gari lake. Mwingereza aliweka kibendera. Mkubwa asipokuwemo, bamba lilifunikwa na kibendera kikavishwa mfuko. Kwa hiyo maandishi yanayosema "Jenerali fulani akipita" huku kibendera kimefunikwa yanastahili kutiliwa shaka: huenda aliyepita ni dereva wake akienda kujaza mafuta. Na kila Mercedes kubwa ya wazi iliyopigwa picha Ulaya kati ya 1934 na 1945 husemwa ni ya Hitler. Hesabu ekseli kwanza. Yenye ekseli tatu ni G4, na zilitengenezwa 57 tu. Moja alipewa Franco na bado ipo Hispania. Yenye mbili inaweza kuwa 770, na hizo walipanda watu wengi waliopenda kuonekana.

Mwezi Desemba 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons, pamoja na maelezo yaliyoandikwa enzi zile, na ikaonya wazi kwamba maelezo hayo yanaweza kuwa na makosa au propaganda. Wasomaji wa kawaida wakaanza kutuma masahihisho. Makumbusho ya vita ya London nayo huhifadhi picha zake kwa herufi zinazosaidia: Q ni nyingi za Vita Kuu ya Kwanza, E ni za Mashariki ya Kati na jangwa la Afrika Kaskazini, SE ni za Asia ya Kusini-Mashariki. Anayemtafuta babu aliyekwenda Burma angefaidika zaidi akianza na SE, si na neno Kenya.

Ukizitazama picha hizo kwa muda utaona jambo lisilopendeza. Namba ya lori imo. Tarehe imo, mara nyingi na jina la mpiga picha. Afisa ametajwa kwa jina na cheo. Dereva, ambaye labda alitoka Tabora au Machakos akajifunza usukani ndani ya East African Army Service Corps, ameandikwa "dereva wa Kiafrika". Jeshi lilijua lori lake ni L ngapi, na kila bolti yake iliingia kwenye daftari la fundi.

Lakini lori hilohilo linaweza kumrudisha. Mraba ulio kwenye bampa hutaja kikosi, na kikosi kilikuwa na shajara ya vita iliyoandikwa kila siku. Za majeshi ya Mashariki ya Kati, ambamo Afrika Mashariki iliwekwa, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza huko Kew, London, katika kundi la WO 169. Za Asia ya Kusini-Mashariki ziko WO 172. Humo huonekana msafara ulioondoka asubuhi, malori yaliyokwama, na mara chache majina ya waliougua au kupandishwa cheo. Kwa hiyo anayeipiga upya picha ya babu yake kwa simu aipige yote, na kingo zake, na mgongo wake. Watu wengi huikata karibu na uso, wakaacha nje robo ya chini ya picha. Bampa huwa liko hapo.